Mayonezi Inasingiziwa

Pwani ya Mkinga, kuanzia Moa hadi Kwale, kila yanapofanyika maandalizi ya mandari husikika onyo lilelile: sandwichi za kuku tengenezeni, lakini mayonezi msitie, jua likiipiga itaharibika na watoto wataumwa matumbo. Husemwa na watu wazima, husemwa kwa mapenzi, na aghalabu msemaji ndiye atakayekesha jikoni usiku huo. Ndiyo maana hakuna anayelipinga. Mimi nalipinga, kwa heshima zote, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba si kweli. Ya pili ni nzito zaidi: anayeamini kwamba hatari imo kwenye mayonezi, akishaiondoa hujiona yuko salama, na hapo huacha kupaangalia mahali ambapo hatari ipo kweli.

Mandari za huku zina mambo yake. Moa ina mikoko mingi, na anayetaka mchanga hupanda chombo au bodaboda akaufuata. Iddi pili, likizo za shule, siku madrasa inapowapeleka watoto kuoga baharini, siku kikundi cha kina mama kinapogawana akiba ya mwaka: watu hutoka na maji na kurudi na maji. Kwa safari ya namna hiyo sijaona chakula kinachoishinda sandwichi ya kuku. Haitaki sahani, haitaki moto, haimwagiki ngalawa ikiyumba. Kuku mmoja akichambuliwa vizuri hutosha sandwichi kumi, na mtoto wa miaka mitano huishika mwenyewe bila kulishwa. Lakini iondolee mayonezi, utabaki na nyuzi za nyama kavu ndani ya mkate mkavu, chakula cha kusukumwa kwa maji. Ndicho watoto wetu wanachopewa, eti kwa usalama wao.

Wanaoikataza wana hoja tatu, na zote zinastahili majibu. Kwanza, mayonezi hutengenezwa kwa mayai, na yai ni kitu cha kuogopwa penye joto. Pili, wameona kwa macho yao: shughuli ilikuwa na pilau na sandwichi, waliokula pilau peke yake wakalala salama, waliogusa sandwichi wakakesha chooni. Tatu, chupa yenyewe imeandikwa iwekwe kwenye friji ikishafunguliwa, na ukiiacha juani mafuta hujitenga yakaelea juu na rangi ikageuka. Mtu mwenye akili timamu akiyaweka haya matatu pamoja, ni haki yake kufikia hukumu aliyoifikia.

Hoja ya mayai ina ukweli ndani yake. Mayonezi ya kutengeneza nyumbani, ya viini vibichi vilivyopigwa pamoja na mafuta na matone machache ya ndimu, ina uwezo wa kuwaumiza watu na imewahi kuwaumiza. Nchini Uingereza, Desemba 1988, Edwina Currie alilazimika kujiuzulu kwenye wizara ya afya baada ya kusema hadharani kwamba sehemu kubwa ya uzalishaji wa mayai nchini humo imeingiwa na salmonela. Wafugaji walikasirika, mauzo ya mayai yakaporomoka, na kauli yake ilionekana imepita kiasi, ingawa tatizo lenyewe lilikuwepo. Kwa hiyo nakubali bila kusita: mayonezi ya mayai mabichi haina nafasi kwenye kikapu cha mandari, hata kama mayai ni ya kuku wa uani aliyetaga jana.

Ile ya chupa ya dukani, hata hivyo, ni kitu kingine. Mayai yake hupashwa moto kiwandani kwa kiwango cha kuua vijidudu bila kuyaivisha, kisha hutiwa siki au maji ya ndimu kwa kipimo maalumu. Uchachu wa kitu hupimwa kwa pH, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Maji safi ni 7. Nyama ya kuku ni kama 6, karibu kabisa na maji. Mayonezi ya dukani huwa karibu na 4, mara nyingi chini ya hapo. Kwenye uchachu wa namna hiyo salmonela haizaliani, na ikikaa humo hufa. Hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1977 mtaalamu wa Marekani, R. B. Smittle, alichapisha mapitio ya tafiti zilizokuwepo kuhusu vijidudu ndani ya mayonezi, na jibu lilikuwa hilo: mayonezi ya kiwandani ni makazi mabaya kwa vijidudu vya maradhi, na kinachowaua hasa ni uchachu.

Wala mtu wa pwani hahitaji maabara kulisadiki jambo hili. Achari ya ndimu au ya maembe hukaa kabatini miezi na miezi bila friji, Tanga nzima, na hakuna anayeiogopa. Tunajua uchachu na chumvi ndivyo vinavyoilinda. Basi kwa nini tuiamini ndimu ikiwa ndani ya achari, tuikane ikiwa ndani ya mayonezi?

Kuhusu maandishi ya chupa nitasema machache. Friji huzuia mafuta yasipate harufu mbaya mapema na huilinda chupa dhidi ya kijiko chenye makombo. Ni agizo jema, lifuatwe. Kujitenga kwa mafuta juani ni jambo la umbo: mafuta na siki vilivyokuwa vimeshikanishwa na kiini cha yai vimeachana. Haipendezi kutazama, lakini si dalili ya sumu.

Hapa kuna jambo ambalo haki inanilazimu kulisema dhidi ya upande wangu. Uchachu huo ni wa mayonezi ikiwa peke yake. Ukichukua vijiko vitatu ukavichanganya na bakuli zima la kuku, kitunguu na tango, uchachu unapungua, na mchanganyiko unaelekea pH ya nyama. Kwa hiyo sidai kwamba mayonezi inahifadhi kuku. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho: kati ya vyote vilivyomo kwenye sandwichi, mayonezi ndiyo pekee inayopambana na vijidudu, japo kwa nguvu ndogo. Kuiondoa hakumlindi kuku kwa lolote.

Linalosikitisha ni kinachowekwa badala yake. Wengine hupaka siagi, ambayo haina madhara ila haina msaada. Wengine huchanganya kuku na tui zito la nazi lililopikwa likakauka, na ladha yake siwezi kuikana. Lakini nani kwenye pwani hii asiyejua jinsi tui linavyochacha upesi? Kuku wa nazi aliyebaki usiku, asubuhi ananuswa kwanza. Mama yule yule aliyeikataa mayonezi kwa hofu ya jua anatia tui na kukiita chakula salama.

Tubaki sasa na hoja ya pili, kwa sababu watu waliugua kweli na maumivu yao hayafutwi kwa namba za pH. Je, waliokula sandwichi waliugua kwa nini, na wa pilau wakapona? Tazama tofauti za vyakula hivyo viwili. Pilau hutoka jikoni ikiwa moto na huliwa ikiwa moto. Baada ya kuiva haiguswi na mkono mpaka ifike kwa mlaji. Kuku wa sandwichi hupikwa, hupozwa, huchambuliwa, huchanganywa, hufungwa, husafirishwa, na huliwa baridi saa nyingi baadaye. Tofauti ni nyingi, na mayonezi ni moja tu kati yake. Hata usipoitia, zilizobaki zote zipo palepale.

Tuufuate usiku wa maandalizi wenyewe. Kuku wanachemshwa baada ya Isha. Wameiva vizuri, nyama inaachia mfupa. Sufuria kubwa linafunikwa na kuachwa jikoni mpaka alfajiri, wapoe. Hewa ya Moa, hata usiku wa manane, hubaki na joto, na sufuria kubwa lililojaa supu na kufunikwa huchukua muda mrefu sana kupoa. Ziko bakteria, Clostridium perfringens ni mmojawapo, ambazo hujifungia ndani ya mbegu ngumu zisizouawa na kuchemsha kwa kawaida. Supu inapofika kwenye nyuzi 40 na kitu, mbegu zile huamka na kuzaliana kwa kasi kubwa. Hapo kuku bado hajachambuliwa, na chupa ya mayonezi bado haijafunguliwa.

Alfajiri wanakaa watu watatu au wanne kuzunguka sinia na kuchambua kwa vidole. Mmoja ana mchubuko wa juzi alipokuwa akipara samaki. Mwingine anajifuta pua kwa kisigino cha mkono, anaendelea. Hakuna kosa la uchafu hapa. Karibu mtu mmoja kati ya wanne hubeba bakteria aitwaye Staphylococcus aureus puani mwake, akiwa mzima wa afya, na kidonda kidogo cha kidole ni makazi yake mengine. Bakteria huyu akiwekwa kwenye nyama iliyopikwa amepata shamba lisilo na mshindani, kwa sababu wenzake karibu wote wamekwisha kufa kwa moto. Penye joto zuri bakteria wengi huweza kujigawa mara mbili kila dakika 20 hivi. Mmoja huwa 4,096 baada ya muda wa saa nne, na baada ya muda wa saa sita huwa 262,144. Sinia halianzi na mmoja.

Wakishafika idadi kubwa hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha hata nusu saa nzima. Kwa hiyo kauli ya "nitampasha tu asubuhi" huua bakteria na kuiacha sumu. Chumvi nayo haisaidii kama tunavyodhani kwa kuitazama ng'onda: ng'onda imekolezwa chumvi ikakaushwa, na Staphylococcus huvumilia chumvi kuliko bakteria wengi. Sumu hii huanza kumtapisha mtu kati ya nusu saa na saa nane baada ya kula. Linganisha muda huo na visa tunavyosimuliwa, vya watoto kuanza kutapika chombo kikiwa njiani kurudi. Salmonela huchukua saa sita hadi siku sita. Dalili za mchana uleule, basi, huelekeza kwenye vidole na joto kuliko kwenye yai.

Kisha kuna hotpoti. Kila nyumba inayo, na kila nyumba huiamini. Hotpoti haipoozi wala haipashi. Huhifadhi joto ililopewa. Chapati za moto zitabaki za moto. Sandwichi zilizotengenezwa kwa kuku vuguvugu zitabaki vuguvugu mpaka adhuhuri, na vuguvugu ndilo joto ambalo bakteria wangelichagua kama wangeulizwa. Shirika la Afya Duniani, katika funguo tano za chakula salama lilizozitoa mwaka 2001, linataka chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5, na kisizidi saa mbili kwenye joto la chumbani. Nchini Marekani, wizara ya kilimo huupunguza muda huo hadi saa moja joto likizidi nyuzi 32, na mchana wa kaskazi huku kwetu hufika hapo. Sandwichi za saa kumi na moja alfajiri zinazoliwa saa saba mchana zimekaa saa nane. Ziwe na mayonezi, ziwe na siagi, ziwe na mkate mtupu na kuku, zimepitwa na wakati.

Atasema mtu: basi tuache sandwichi kabisa. La. Kinachotakiwa ni kuzipanga kwa saa ya maji, jambo ambalo watu wa Moa wanalijua kuliko mwandishi yeyote. Siku za bamvua, kwenye pwani hii, maji hutoka sana karibu na saa nne asubuhi na hujaa tena karibu na saa kumi jioni. Chombo huondoka saa mbili au saa tatu, mchanga unaanza kuonekana. Mazoea yetu ni kuoga kwanza, kucheza mpira, kupiga ngoma, halafu chakula kifunguliwe adhuhuri wakati kila mtu ana njaa. Igeuzeni. Sandwichi ziliwe mara tu watu wakifika, ziwe ndiyo chai ya asubuhi. Maandazi, kashata, mihogo ya kukaanga na madafu vingoje mchana, kwa sababu vinavumilia.

Upishi wenyewe uwe hivi. Mwenye friji na apike jioni, aipue, atoe kuku kwenye supu wakiwa bado moto na kuwatandaza vipande kwenye sinia pana chini ya kawa, feni ikipuliza. Mrundikano hupoa polepole, mtandazo hupoa upesi. Wakiacha kutoa mvuke waingie kwenye friji. Asiye na friji na aamke saa kumi, na sufuria lisilale na kuku hata kidogo. Kuchambua kuwe kwa uma mbili, mmoja unashika na mwingine unavuta. Kazi huenda vizuri hata kwa kuku wa kienyeji, mradi amechemshwa mpaka amelainika. Mikono ioshwe kwa sabuni, na mwenye kidonda apewe kazi ya kukata mkate au kufunga, si kugusa nyama. Kwa kikombe kimoja cha kuku weka vijiko vitatu vya mayonezi na ukamulie nusu ndimu. Ndimu hiyo inaongeza ladha na inarudisha sehemu ya uchachu uliopunguzwa na nyama. Tango litolewe mbegu, la sivyo litalowesha mkate. Upande wa ndani wa boflo upakwe siagi nyepesi kwa sababu hiyohiyo.

Bizari nayo inafaa sana. Mwaka 1953, kwa ajili ya karamu ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, Rosemary Hume na Constance Spry walibuni kuku baridi aliyechanganywa na mayonezi yenye viungo vya mchuzi, na Waingereza wanamla ndani ya sandwichi mpaka leo. Viungo hivyo viko kwenye kila jiko la Tanga, na kijiko kidogo cha bizari kilichokaangwa kwenye mafuta kinatosha bakuli zima.

Barafu ndiyo pingamizi la mwisho, na ni la haki: umeme hukatika, na si kila nyumba ina boksi la kubebea barafu. Lakini chupa za maji ya kunywa zikigandishwa kwa jirani mwenye friji hufanya kazi mbili, zinapoza chakula asubuhi na zinanyweka mchana. Boksi la mchuuzi wa samaki linaweza kuazimwa, ila lisuguliwe kwa sabuni na maji ya moto, na sandwichi zifungwe vizuri, maana maji ya samaki mbichi yana vijidudu vyake. Pasipo barafu kabisa, bado kuna njia: hotpoti isuuzwe kwa maji yanayochemka, kuku atiwe humo akiwa na supu yake inayochemka, ifunikwe na isifunguliwe njiani. Hapo inahifadhi moto wa kweli kwa muda wa safari ya asubuhi. Mkate uende peke yake, uma mbili ziende peke yake, na mayonezi iende kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. Mchanganyo ufanywe hukohuko mchangani na uliwe papo hapo.

Zitakazobaki baada ya watu kushiba zisifungwe tena kwa ajili ya chakula cha jioni, hata kama bado zinanukia vizuri, kwa sababu sumu ya Staphylococcus haina harufu wala ladha. Zitupwe. Chupa ya mayonezi, ikiwa kijiko kilichochotea kilikuwa kikavu na safi, ifungwe kifuniko chake irudi nyumbani.